Spika Iliyonyamaza

Sikio ni mlango usio na komeo. Jicho likichoka hufumbwa, na kinywa kikipenda hufungwa, lakini sikio hukaa wazi usiku na mchana, likipokea jema na baya, wito na kemeo, kicheko na kilio. Kwa mlango huu mtoto hujifunza lugha ya mama yake kabla hajajua kusimama, na kwa mlango huu mzee huendelea kukaa pamoja na jamaa zake hata miguu yake inapokataa kumchukua mbali. Mtu apungukiwaye na usikivu hapungukiwi na sauti tu. Hupungukiwa na mzaha wa wenzake, na habari za nyumba yake, na mahali pake katika mazungumzo. Anaweza kuketi katikati ya watu kumi akawa peke yake.

Nataka kukueleza, msomaji, habari za chombo kimoja kinacholitumikia sikio, nacho ni spika. Hasa zile spika zinazopangwa sebuleni kuizunguka televisheni ili chumba cha nyumbani kifanane na jumba la sinema. Huenda ukaona jambo hili ni dogo mno kwa insha, nami sikulaumu. Lakini katika nyumba yetu jambo hili dogo lilikaribia kumtenga baba yangu na watoto na wajukuu wake, na lilikaribia kumeza akiba yetu ya mwaka mzima bila ya faida. Jambo la namna hiyo lina haki ya kuandikwa, na mtu aliye shuleni ana haki ya kulisoma.

Kwanza yafaa tujue spika ni nini. Ndani ya kila spika mna sumaku, mna mzingo mwembamba wa waya uitwao koili, na mna karatasi ngumu au kitambaa kilichofanyizwa mfano wa faneli. Umeme unaotoka katika amplifaya hupita katika koili, nayo husukumwa na kuvutwa na sumaku mara nyingi kwa sekunde. Koili husukuma karatasi, karatasi husukuma hewa, na hewa hugonga ngoma ya sikio. Mtetemo mchache huwa sauti nene. Mtetemo mwingi huwa sauti nyembamba. Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu mitetemo kama 20 hata mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Spika moja haiwezi kufanya kazi yote hiyo vyema, kama vile mtu mmoja asivyoweza kuimba besi na sauti ya mtoto kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu katika sanduku moja huonekana spika mbili au tatu, kubwa ya besi na ndogo ya sauti nyembamba.

Spika ya namna hii si kitu cha jana. Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, waliieleza dunia katika mwaka 1925, na spika nyingi tulizo nazo leo bado zafuata njia yao. Miaka 6 baadaye, mnamo 1931, fundi Mwingereza jina lake Alan Blumlein aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake wa sauti ya njia mbili. Husimuliwa kwamba alichukizwa katika sinema kuona mwigizaji amesimama upande mmoja wa pazia na sauti yake ikatoka upande mwingine. Katika mwaka 1933 wataalamu wa Marekani wakaongeza njia ya tatu. Wanamuziki walipiga vyombo vyao katika mji wa Philadelphia, na wasikilizaji wakawasikia katika ukumbi wa mji wa Washington, mwendo wa yapata kilomita 200, kwa spika tatu: ya kushoto, ya kulia, na ya kati. Ishike akilini spika hiyo ya kati, msomaji, maana ndiyo shina la habari yangu.

Sauti ya kuzunguka ilitoka sinema ikaingia majumbani katika mwaka 1982, na baadaye ukaanza katika sinema utaratibu ambao mafundi wauita tano nukta moja. Maana yake ni spika tano na sabufa moja. Spika mbili za mbele, kushoto na kulia, huchukua muziki na vishindo vya upande wao. Mbili za nyuma huchukua mvua, upepo, umati wa watu, na kila kitu kinachotakiwa kumzunguka mtazamaji. Sabufa huchukua ngurumo nene. Spika ya kati, ambayo hukaa chini ya televisheni au juu yake, hupewa kazi iliyo kubwa kuliko zote: maneno. Katika filamu nyingi karibu kila neno litamkwalo na waigizaji hupitia humo. Spika hii aghalabu ni ndogo, hailii kwa kishindo wala haitikisi madirisha, na kwa hiyo watu wengi huidharau. Lakini ikinyamaza, filamu nzima huwa sawa na barua iliyonyeshewa mvua: karatasi ipo, wino upo, ila ujumbe haupo.

Sasa nije kwetu. Baba yangu alifanya kazi ya mitambo kwa miaka zaidi ya 30. Amestaafu, na anakaa nasi Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, katika nyumba ambayo upepo wa bahari huipiga mchana kutwa. Desturi yake tangu tulipokuwa wadogo ni kukusanya jamaa usiku baada ya chakula, tukatazama filamu pamoja, naye akatufafanulia mambo ya dunia yaliyomo ndani yake. Sebule yetu ina amplifaya kuukuu na spika zake sita, tulizonunua zimekwisha tumika.

Mwaka mmoja, baada ya masika, baba akaanza kubadilika. Alikuwa akiondoka sebuleni kabla filamu haijafika nusu. Akiulizwa alisema amechoka. Watoto walipocheka, alicheka baada yao, kama mtu afuataye wenzake katika njia asiyoijua. Baadaye akaacha kabisa kuketi nasi, akawa anajilaza mapema, na nyumba ikapoa. Usiku mmoja mama alimwuliza kulikoni. Akajibu, "Niacheni tu. Masikio yangu yameniaga."

Ndugu yangu mdogo, ambaye ana moyo mwema na mkono mwepesi, alitoa shauri tununue seti mpya iliyo kubwa mara mbili. "Kaka," aliniambia, "mzee hasikii. Tumletee kishindo, atasikia apende asipende." Akaleta na fundi mmoja. Fundi yule alifungulia sauti hata vikombe vikagongana kabatini, akatikisa kichwa, akasema seti yote imekufa, dawa yake ni kuitupa. Bei ya seti mpya ilikuwa shilingi 40,000. Fedha hiyo tulikuwa nayo, kwa kuwa tulikuwa tumeiweka kidogo kidogo kwa ajili ya haja za wazee wetu. Ndugu yangu alitaka itoke siku ile ile.

Mimi niliomba siku mbili. Haikuwa kwa ubahili. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba mwanafunzi asiyejibu huenda hajui, lakini pia huenda hakulisikia swali. Na mwalimu akihukumu kabla hajatofautisha mambo hayo mawili, amemdhulumu mtoto. Niliona baba yangu yu karibu na kudhulumiwa namna hiyo.

Jambo moja lilinipa shaka. Kila asubuhi baba husikiliza habari za redio, na redio ile hupita katika amplifaya ile ile na spika zile zile. Na kila asubuhi, akinywa chai, humsimulia mama habari zote: bei ya unga, mambo ya bunge, na meli zilizotia nanga. Hakosi hata moja. Nikajiuliza: sikio lisikialo habari asubuhi lawezaje kuwa kiziwi jioni? Mtu ni yule yule, chumba ni kile kile. Basi kilichobadilika ni kitu gani? Redio hutumia njia mbili tu, kushoto na kulia. Filamu hutumia njia sita, na maneno yake hukaa katika spika ya kati.

Nilimwita binti ya dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili na ambaye anakaa kwetu, nikampa daftari na kalamu awe mwandishi. Nilimwambia sheria ya kazi yetu ni moja: tutabadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila badiliko litaandikwa pamoja na matokeo yake. Abadiliye vitu vitatu kwa pamoja, kisha akafanikiwa, hajui ni kipi kilichomponya. Na akishindwa hajui ni kipi kilichomwangusha.

Tulianza kwa masikio. Tuliweka filamu, tukaweka sikio karibu na kila spika kwa zamu. Kushoto ilisema, kulia ilisema, za nyuma zilisema, sabufa ilinguruma. Ya kati ilikuwa kimya kama kaburi. Maneno machache tuliyokuwa tukiyasikia yalikuwa mabaki tu yaliyovuja katika spika nyingine, mfano wa mtu asemaye akiwa ndani ya mtungi. Vijana, ambao masikio yao ni makali, waliweza kuyaokota mabaki hayo, na wengine walisoma maandishi yaliyo chini ya picha bila ya kujitambua. Mzee hakuweza.

Sasa ilibaki kujua ni nini kilichoinyamazisha. Ugonjwa waweza kuwa katika mojawapo ya mahali panne: katika mipango ya amplifaya, katika amplifaya yenyewe, katika waya, au katika spika. Tulitazama mipango kwanza, kwa kuwa kutazama hakugharimu kitu. Amplifaya ilikuwa imeambiwa kwamba spika ya kati ipo, na kweli ilikuwapo. Kisha tulizima umeme na kuchomoa plagi ukutani. Tuliing'oa spika ya kati, tukaipeleka mahali pa ile ya kushoto, tukaifunga kwa waya wa kushoto. Tulipowasha, ikasema vizuri. Binti akaandika: spika ni nzima. Tukazima tena. Tukautoa waya mrefu wa kati katika tundu lake kwenye amplifaya, na mahali pake tukatia waya mwingine mfupi wenye spika ya kushoto. Tulipowasha, maneno yakatoka. Akaandika: amplifaya ni nzima. Kisha akainua uso akaniambia, "Mjomba, basi umebaki waya peke yake." Alikuwa amefika kabla yangu sijamwongoza, na furaha niliyoipata ni ile ambayo walimu huipata mara chache katika muhula.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tulisogeza kabati, tukaufuata waya ule kwa vidole hata nyuma ya dirisha linaloelekea baharini. Mvua za masika zilikuwa zimeingia hapo. Ganda la waya lilikuwa limepasuka, na shaba iliyokuwa ndani imegeuka rangi ya kijani kwa chumvi na unyevu. Nilipoukunja kidogo, ukakatika kama kijiti kikavu. Tulinunua waya mpya wa mita 5, tukaupitisha mbali na dirisha, na gharama yake haikufika shilingi 500.

Usiku ule nilimwomba baba aketi nasi dakika tano tu. Aliketi ukingoni mwa kiti, kama mgeni aliye na safari. Filamu ikaanza, mtu mmoja akamwuliza mwenzake swali, na yule mwenzake hakujibu. Baba akasema, "Anaficha jambo huyu." Kisha akajisogeza nyuma kitini, akaegemea. Hakuna aliyesema neno. Mama aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko kitambo.

Lakini insha inayosema nusu ya kweli ni mwalimu mbaya, na kwa hiyo lazima nimalize. Waya mpya haukuponya kila kitu. Bado baba aliuliza mara kwa mara, "Amesema nini?" Nilichunguza nikaona ya kuwa hasumbuliwi na sauti kwa jumla, anasumbuliwa na konsonanti. Fikiri maneno haya: saa, taa, faa, kaa. Irabu zake ni zile zile. Kinachoyatofautisha ni pumzi ndogo ya mwanzo tu. Irabu ni nene na zina nguvu. Sauti kama s, f na t ni nyembamba na dhaifu, na usikivu wa sauti nyembamba ndio hupungua kwanza kwa uzee, na hupungua mapema zaidi kwa mtu aliyeishi miaka mingi karibu na mitambo. Ndiyo sababu wazee husema, "Nasikia sauti, sisikii maneno." Si ukaidi, wala si kutojali. Ni maelezo sahihi kabisa ya hali yao. Na ndiyo sababu kuongeza kishindo hakuwasaidii: kishindo huongeza irabu na ngurumo, na konsonanti huzama zaidi chini yake.

Basi tulifanya mambo manne. Spika ya kati tuliiongezea sauti desibeli 3 peke yake, na sabufa tukaipunguzia. Spika hiyo tuliinua uso wake kidogo uelekee masikio, badala ya kuelekea magoti. Na tulitandika zulia sakafuni. Jambo la nne, ambalo ndilo kubwa, ni kumpeleka baba hospitali akapimwe masikio. Alipimwa, akaonekana amepungukiwa na sauti nyembamba katika masikio yote mawili, kama tulivyodhani. Ile akiba ya shilingi 40,000, iliyokuwa iende katika kishindo, ilikuwa mwanzo wa kununua kifaa chake cha kusaidia usikivu. Spika iliyotengenezwa humrudisha mtu sebuleni. Haimrudishi sokoni, wala msikitini, wala barazani kwa rafiki zake. Kwa huko alihitaji sikio lake mwenyewe lisaidiwe.

Msomaji, yawezekana wewe nawe una spika kwenu, au siku moja utakuwa nazo. Naona yafaa nikukusanyie mambo machache ya kukutosha, kwa maana ujuzi usiogawanywa ni mbegu iliyofungiwa ghalani.

Ukisikia besi imepotea na sauti haina makao, tazama rangi za matundu. Kila spika ina tundu jekundu na jeusi. Ikiwa moja imefungwa kinyume, itavuta hewa wakati mwenziwe anaisukuma, na kazi ya moja itaiua kazi ya nyingine. Ukisikia mvumo usiokoma, ingiza vyombo vyote katika soketi za mahali pamoja, kisha chomoa nyaya za vyombo kimoja baada ya kimoja mpaka mvumo uishe. Cha mwisho kuchomolewa ndicho chenye hatia. Ukitaka kujua kama spika ya besi ingali hai, itenge kabisa na amplifaya, kisha gusisha nyaya zake kwa nukta moja katika ncha za betri ndogo ya volti 1.5. Ikiwa hai itakwaruza, na karatasi yake itatikisika. Ukikosa fedha ya kutengeneza spika ya kati mwezi huu, iambie amplifaya katika mipango yake kwamba spika hiyo haipo. Itayagawa maneno kwa kushoto na kulia, na hutakosa kitu kikubwa. Lakini usifungue kamwe amplifaya yenyewe. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 240, na ndani ya amplifaya mna vyombo vinavyohifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Hapo ni mahali pa fundi aliyesomea, na kumwita si aibu.

Kuhusu kununua kilicho bora zaidi, fuata mpango huu. Anza na kisicho na bei. Spika mbili za mbele ziwe mbali na mtazamaji kwa kadiri ile ile zilivyo mbali na zenyewe, mfano wa mafiga matatu yaliyopangwa sawa, na zile spika ndogo za sauti nyembamba zikaribie kimo cha masikio ya mtu aliyeketi. Kisha tazama chumba. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji, kuta tupu na dari ngumu, na sauti hurukaruka humo kama mpira hata neno la kwanza likaingiliana na la pili. Zulia, pazia nzito na kiti cha kitambaa hufanya kazi ambayo maelfu ya shilingi hayawezi kuifanya. Baada ya hapo fikiri waya. Kwa chumba cha kawaida waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 watosha, na usikubali kushawishiwa kununua ule unaouzwa kwa bei ya dhahabu. Kisha fikiri spika, na ya kwanza kubadilishwa iwe ile ya maneno. Nayo ifanane kwa aina na zile za mbele, ili mtu asibadilike sauti atembeapo kutoka upande mmoja wa picha hata mwingine. Amplifaya iwe ya mwisho.

Na hapo jihadhari na hesabu za masanduku. Wauzaji wengi hupiga chapa wati maelfu kwa herufi P.M.P.O. Hesabu hiyo haina kipimo kinachokubaliwa na wote, na haikuelezi kitu chombo kinachoweza kufanya kwa saa nzima. Tafuta herufi R.M.S.; hesabu yake itakuwa ndogo, lakini yakaribia kweli. Jua tena ya kwamba kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa kukisikiliza. Na ili sauti ionekane imekuwa mara mbili huhitaji wati zipatazo mara kumi. Basi anayetoka wati 50 akaenda 100 amelipa fedha nyingi kwa badiliko dogo. Tazama pia omu za spika. Spika ya omu 4 huvuta umeme mwingi kuliko ya omu 8, na amplifaya iliyofanyizwa kwa omu 8 yaweza kuchemka na kuungua ikifungwa nayo. Ikiwa wanunua kitu kilichotumika, sukuma karatasi ya spika ya besi polepole kwa vidole vya mikono miwili: ikikwaruza, koili yake imepinda au imeungua. Tazama na ule mviringo wa sponji unaoizunguka, kwani huoza kwa miaka hata kama spika haikupigwa. Sanduku kubwa lisikupumbaze. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini mvumo si wimbo.

Neno langu la mwisho katika mashauri haya ni kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 katika juma. Na kadiri sauti inavyopanda, ndivyo saa za salama zinavyopungua. Seli ndogo zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Kijana ajivuniaye kishindo leo anajikopesha kwa uzee wake, na deni la sikio halina msamaha. Tena ukuta wa jirani si mali yako. Nchi yetu ilitunga kanuni juu ya makelele katika mwaka 2009, lakini kabla ya kanuni kulikuwa na adabu, na mwenye adabu hangoji askari abishe hodi ndipo apunguze sauti.

Utaona, kijana, kwamba nimesema mengi juu ya nyaya na masanduku, nami ni mwalimu, si muuza vyombo. Sababu yangu ni hii. Vyombo vitabadilika, hivi tulivyo navyo vitakuwa vichekesho kwa wajukuu zako. Lakini njia ya kuchunguza haitabadilika. Tenga sehemu moja na nyingine. Badili kitu kimoja. Andika ulichokiona, si ulichokitaka. Anza na kilicho rahisi kutazama kabla ya kilicho ghali kununua. Njia hiyo hufaa katika spika, na katika shamba lisilozaa, na katika hesabu iliyokataa kutoka, na katika ugomvi wa ndugu wawili. Zaidi ya yote hufaa katika kuwahukumu watu. Mara nyingi tunasema fulani ni mzito, fulani ana kiburi, fulani hataki tena kukaa nasi. Kumbe kati yake na sisi upo waya mmoja mwembamba uliokatika mahali pasipoonekana, na hakuna aliyejisumbua kuinama kuutafuta.

Kwa hiyo kabla hujanunua, chunguza. Na kabla hujasema mtu hasikii, hakikisha kwanza kwamba neno limemfikia.